Mikono ya Mashini Ikikosa Nguvu, Usikimbilie Kuingiza Mkono Wako

Wewe mwendeshaji wa mashini ndogo, na wewe fundi unayeitwa wakati mashini imelala chini ya mkanda wa mawe, ukurasa huu ni wenu. Na wewe mama unayengojea bwana yako arudi kutoka zamu ya usiku, usiupite haraka, maana katikati kuna jambo linalokuangalia wewe hasa.

Tunataka kusema juu ya mashini ile ya magurudumu 4, yenye mikono 2 na ndoo mbele, inayogeuka mahali pamoja kama mtu anayecheza ngoma. Wengi wanaiita Bobcat, hata kama ubavuni imeandikwa jina lingine. Haikuzaliwa mgodini. Mwaka 1957, huko Rothsay katika jimbo la Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walitengeneza kimashini cha kusafisha nyumba za batamzinga, wale ndege tunaowaita dindo, mahali ambapo mashini kubwa haikuweza kuingia. Kampuni ya Melroe iliuchukua uvumbuzi wao mwaka 1958. Ile ya magurudumu 4 ikatoka mwaka 1960, na jina la Bobcat likaja mwaka 1962. Kwetu inafanya kazi ya namna ileile: inaokota mawe yaliyomwagika chini ya mikanda, inasafisha mitaro, inapita kati ya nguzo. Na kwa kuwa ni ndogo, watu wanaidharau. Mtu ambaye hawezi hata kidogo kusimama chini ya ndoo ya mashini kubwa ya shimoni, utamkuta ameinama chini ya mikono ya hii, ana ufunguo mkononi, anatafuta mahali mafuta yanapotoka.

Basi kwanza tujue nguvu yake inatoka wapi. Motere inazungusha pompa. Pompa inasukuma mafuta ndani ya matiyo. Mafuta yanaingia katika verini na kusukuma pistoni, na mikono inapanda. Yule mwenye akili Mfaransa, Blaise Pascal, alikwisha kueleza katika karne ya 17 kwamba ukisukuma maji yaliyofungwa, nguvu ile inafika pande zote sawasawa. Nguvu hiyo mafundi wanaiita presio, na wanaipima kwa bar. Mashini nyingi za namna hii zinafanya kazi karibu na bar 200, na nyingine zinapita hapo. Bar 200 maana yake ni karibu kilo 200 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Chukua pistoni yenye upana wa sentimita 6: mafuta yanaisukuma kwa uzito unaopita tani 5 na nusu. Na presio hiyohiyo iko ndani ya tiyo lile la mpira unalolishika kwa vidole.

KABLA YA KUTAFUTA UGONJWA

Mashini imekosa nguvu. Shefu anangoja, mkanda umesimama, mawe yanaongezeka. Hapo ndipo watu wanaumia, kwa haraka. Ipeleke mashini mahali pa sawa. Shusha mikono mpaka ndoo ilale udongoni kabisa. Zima motere, kisha sukuma fimbo za mikono na za ndoo huku na huku mara kadhaa, ili presio iliyobaki ndani ya matiyo itoke. Katika mashini nyingi za siku hizi fimbo hazifanyi kazi kama umeme umekatwa. Hizo zina utaratibu wake, na kitabu cha mashini kinauonyesha. Toa funguo, uitie mfukoni mwako wewe mwenyewe, si mfukoni mwa mwenzako. Tundika kibao cha kukataza kuwasha.

Ikiwa kazi inadai mikono ikae juu, kuna chuma chake cha kuishikilia, kilichotengenezwa na kiwanda. Mtu mmoja anakaa kitini, mwingine anakiweka chuma hicho akiwa nje, na hapana mtu kupita chini ya mikono mpaka chuma kimekaa mahali pake. Ubao si chuma hicho. Pipa si chuma hicho. Jeki pia hapana. Tiyo likipasuka, mikono inashuka kabla hujapata muda wa kugeuza kichwa.

Idara ya Marekani inayochunguza afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo juu ya mashini hizi mwaka 1998. Wafanya kazi walikuwa wakifa kwa kubanwa kati ya ndoo na mwili wa mashini, au kati ya mikono na mwili wa mashini. Angalia mashini yenyewe, utaelewa: mikono inapita karibu kabisa na mlango na pembeni mwa kiti. Kwa hiyo kiwanda kimetia chuma cha kujifunga mbele ya tumbo. Chuma hicho kikiwa juu, mikono haiendi.

Na hapa nakuambia neno ambalo litakuokolea saa nyingi za bure. Mara nyingi mwendeshaji anasema, "Pompa imekufa," kumbe pompa ni nzima. Ni kile kidude cha umeme chini ya kiti, au kwenye chuma cha kujifunga, kimejaa matope, na mashini inafikiri kwamba hakuna mtu kitini. Ikiwa mikono inakataa kabisa, bila sauti ngeni na bila kulegea, anza hapo. Safisha, angalia waya. Lakini usikifunge kwa kamba au kuunganisha waya mbili ili kukidanganya. Fundi anayefanya hivyo amemtengenezea mwenzake wa zamu inayofuata mtego.

TUNDU DOGO KAMA LA SINDANO

Tuseme fundi mmoja anaona mafuta yameloanisha upande wa mashini, lakini hajui yanatokea wapi. Motere inazunguka. Anapitisha mkono pembeni ya tiyo ili asikie unyevu unatoka wapi. Anasikia kama kuchomwa na mwiba katika kidole cha shahada. Anaangalia: alama ndogo nyekundu, hakuna damu ya kutisha. Anapangusa, anaendelea na kazi. Jioni kidole kinakuwa kizito. Usiku kinavimba, hapati usingizi. Asubuhi kimekuwa cheupe na baridi, au cheusi.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta yaliyotoka katika tundu lile yalikuwa na mwendo wa kupita ngozi, hata kupita ganti. Yakiisha kuingia, yanafuata njia ya mishipa mpaka kiganjani, hata kufika katika mkono, na huko yanaua nyama polepole. Hakuna haja ya bar 200 kwa kazi hiyo. Wataalamu wa usalama wanahesabu kwamba bar 7 tu zinaweza kutosha. Waganga wanaijua ajali hii tangu zamani: mwaka 1937 mganga Mmarekani aitwaye Rees aliandika juu ya mafuta ya motere ya dizeli yaliyoingia ndani ya mwili kwa namna hiyo. Bunduki ya kutia grisi inaweza kuifanya vilevile, na ile ya kupulizia rangi.

Dawa yake si kidonge na si kitambaa. Dawa yake ni mganga wa kupasua, ambaye anafungua mkono na kuyasafisha mafuta yote. Waganga wengi wanahesabu masaa 6 ya kwanza kuwa ya thamani kuliko mengine yote. Yakipita, hatari ya kukatwa kidole au mkono inazidi. Kwa hiyo usingoje maumivu. Mwanzoni maumivu ni madogo, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Simamisha kazi, mwambie shefu wako, na uende hospitali hapohapo, si baada ya zamu. Inua mkono juu ya moyo. Usikamue kidole, usikichue, usikitie katika maji ya moto, usikichanje. Usile wala kunywa njiani, maana labda watakulaza usingizi kwa kukupasua. Chukua karatasi ya bidoni ya mafuta, ujue saa uliyoumia, ujue mashini inafanya bar ngapi. Ukikuta kijana wa zahanati anataka kufunga kidole tu na kukurudisha kazini, mwambie maneno haya: mafuta ya presio kubwa yameingia ndani ya mwili. Rudia mpaka mganga mkubwa aje.

Na sasa wewe mama. Bwana yako akirudi na kusema, "Si kitu, nimechomwa kidogo na mashini," muulize: ni kitu gani kilichokuchoma? Akijibu mafuta au grisi, chakula kingoje. Aende usiku uleule. Wanaume wa mgodi wana aibu ya kwenda kwa mganga na alama ndogo kama ya mbu; aibu hiyo imeishi kupita kiasi.

Tundu linatafutwa namna gani basi? Kwa kipande cha kartoni au ubao, kirefu, ukisimama mbali, lineti za usalama machoni. Pitisha kartoni pembeni ya tiyo: penye tundu italoana au kutobolewa. Kisha zima, toa presio, halafu ndipo ukaze au ubadilishe. Usikaze kiungo chenye presio ndani. Kikikatika, kinaruka kama risasi. Na lile tiyo lililovaa ukanda wa mpira wa baiskeli na waya, tunaliona katika garaji nyingi. Ukanda ule hauzuii bar 200. Unachofanya ni kuficha tundu ili lisionekane. Tiyo bovu linatupwa, na jipya liwe la presio ileile iliyoandikwa juu ya la zamani. Usisahau pia moto: mafuta yakimwagikia bomba la moshi lenye moto, mashini inawaka, na mwendeshaji ana mlango mmoja tu, ule wa mbele, ambao ndoo iliyoinuliwa inaweza kuuziba.

MASHINI INASEMA INAUMWA WAPI

Sasa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe. Swali la kwanza si gumu: je, kila kitu kimelegea, au kitu kimoja tu? Ikiwa mikono, ndoo na mwendo wa magurudumu vyote vimelegea pamoja, tafuta katika vitu wanavyoshirikiana: mafuta, filtri, pompa, motere. Ikiwa mikono inapanda vizuri lakini ndoo haigeuki, acha pompa kwa amani. Shida iko katika verini ya ndoo, au matiyo yake, au mlango wake wa mafuta. Fundi asiyeuliza swali hili anafungua pompa nzima na kuifunga tena, na ndoo bado haigeuki.

Anza na kilicho rahisi. Angalia kimo cha mafuta, mikono ikiwa chini na mashini ikiwa imesimama sawa, kwa sababu mikono ikiwa juu mafuta mengi yako ndani ya verini na kipimo kinadanganya. Yakipungua, ongeza, lakini uliza: yamekwenda wapi? Mafuta hayaliwi na mashini hii kama dizeli. Yamepotea nje, au yameingia mahali yasipotakiwa.

Tena, mafuta gani? Hapa watu wanagombana bure katika garaji. Ziko mashini za namna hii zinazoomba mafuta ya motere katika sehemu ya mikono, nazo hazikosei. Ziko zingine zinazokataa kabisa. Kitabu ndicho kinachosema, si mzee wa garaji, hata akiwa na miaka 30 ya kazi.

Halafu sikiliza. Pompa inayolia kwa sauti nyembamba, au inayotoa mlio kama mawe madogo yanayogongana ndani ya kopo, inakosa mafuta ya kunywa au inanyonya hewa. Tazama tiyo linalotoka kwenye tanki kwenda pompa. Tiyo hilo lina tabia yake: halitoi mafuta nje, linavuta hewa ndani, kwa hiyo linaweza kuwa kavu kabisa na bado ni lenyewe. Hewa inafanya mikono iende kwa kurukaruka, na katika tanki utaona povu. Ukiona mafuta meupe kama maziwa, toa kidogo utie katika chupa ya kioo na uiache isimame. Yakirudi safi baada ya muda mfupi, ilikuwa hewa. Yakibaki meupe, au maji yakikaa chini, basi maji yameingia, na hapana njia nyingine ila kuyatoa yote. Wakati wa mvua jambo hili linakuja zaidi, na mara nyingine tunalileta sisi wenyewe kwa kuoshea mashini maji ya nguvu karibu na kifuniko cha tanki.

Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Linajaa katika radiatere ya mafuta, hewa haipiti, mafuta yanapata moto. Mafuta ya moto yanakuwa mepesi kama maji, yanapita pembeni ya pistoni badala ya kuisukuma. Ndiyo sababu mashini fulani ina nguvu saa 1 ya asubuhi, na saa 5 imechoka. Yakipita digri 80 ujue yanaharibika yenyewe na kuharibu mipira inayoyazuia. Piga radiatere upepo, motere ikiwa imezimwa na imepoa, lineti machoni. Na mwangalie mwendeshaji: yuko anayeshika fimbo mpaka mwisho hata baada ya ndoo kufika mwisho wa safari yake. Wakati huo mafuta yote yanapita kwa nguvu katika supapu ya usalama na kupata moto bure. Wengine, wakiona nguvu imepungua, wanakaza supapu hiyo. Hapana kuigusa bila kipimo cha presio na bila fundi anayejua. Ukiikaza kwa macho, unapeleka presio isiyojulikana katika matiyo ambayo mwenzako anasimama karibu nayo.

Mikono inayoshuka yenyewe polepole wakati fimbo imeachwa ina ugonjwa wa mipira ya pistoni, au wa mlango wa mafuta uliolika. Mwendeshaji anaizoea, anasema ndiyo tabia yake. Si tabia. Mwandikie fundi katika daftari siku ileile, na mashini isibebe mzigo juu ya kichwa cha mtu.

Kuhusu filtri, neno moja: unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi, na filtri nyingi za mafuta haya zinashika uchafu wa mikroni 10. Takataka unayoiona kwa macho ni jabali kwa pompa. Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, na usimwage mafuta kutoka kwa ndoo iliyobebea mchanga jana.

KIUNGO KINACHOKATAA KUINGIA

Hili linaleta matusi kuliko yote. Unataka kufunga nyundo ya kuvunjia mawe au ufagio mbele ya mashini, na viungo vya haraka vya matiyo vinakataa kuingia. Jana viliingia. Sababu yake ni jua: chombo kililala nje, mafuta yaliyofungwa ndani yakapata moto na kutaka kutanuka, hayakupata nafasi, presio ikapanda. Watu wanachukua nyundo na kugonga ncha ya kiungo, au wanalegeza tiyo kwa ufunguo na kupokea mafuta usoni. Usifanye hivyo. Kwanza toa presio ya mashini yenyewe kama tulivyoeleza. Mashini nyingi zina kidude cha kubonyeza au namna ya kusukuma kiungo na kukishika kidogo ili presio irudi katika tanki. Tafuta ukurasa wake katika kitabu. Siku nyingine, toa presio kabla ya kufungua chombo, na ukiweke kivulini.

NYUMBANI

Nguo za kazi zilizoloana mafuta zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto, wala zisikae zimetundikwa karibu na mbabula. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Esanse inaondoa mafuta, lakini inaondoa na ulinzi wa ngozi, na kwa mtu anayefanya hivyo kila siku ngozi inapasuka na kuwasha. Na bidoni tupu za mafuta ya mashini, zile nzuri zenye kifuniko kizuri, tunajua zinapendwa. Hapana kutia maji ya kunywa wala mafuta ya mawese ndani yake, hata ukiziosha mara 10 kwa majivu. Mafuta yanaingia katika plastiki yenyewe na kutoka tena polepole. Zirudishwe kwenye depo, au zitobolewe ili mtu asizitamani.